Salamu Zisizojibiwa: Mtandao wa Hospitali Unapopoteza Njia

Jibu la kipimo cha damu halifiki wodini kwa sababu tu limekwisha kuandikwa. Mashine ya maabara huliweka katika kompyuta, kompyuta hulikabidhi kwa mtandao wa jengo, na pale ambapo hospitali inategemea maabara iliyo katika mji mwingine, jibu hulazimika kuvuka njia ndefu inayounganisha mitambo iitwayo ruta. Ruta, ambayo baadhi ya waandishi huiita kipanga njia, ina kazi moja. Hupokea kifurushi cha data, husoma anwani kinakokwenda, kisha huamua kipitie mlango upi. Isipojua la kuamua, hukitupa. Daktari anayesubiri kiwango cha potasiamu cha mgonjwa wa figo haoni kifurushi kikitupwa. Anachokiona ni kioo cha kompyuta kilichoduwaa, na mbele yake mgonjwa ambaye moyo wake huenda hausubiri.

Makala haya yanaeleza namna mafundi wanavyoitafuta hitilafu ya aina hiyo. Tumeyaandika kwa wahudumu wa afya na wagonjwa, wala si kwa mafundi, kwa sababu fundi humtegemea aliye wodini kama vile daktari anavyomtegemea mgonjwa aeleze anavyojisikia. Na maelezo anayopewa fundi mara nyingi ni maneno mawili: mtandao umekufa. Daktari aliyeambiwa "naumwa" na hakuambiwa zaidi ataelewa ugumu wa kazi hiyo.

Majirani wanaopashana habari

Ruta inaweza kufundishwa njia kwa mkono. Fundi huandika kwamba anwani za maabara ziko upande huu na anwani za ghala la dawa ziko upande ule, na ruta hutii hadi siku itakapoambiwa vinginevyo. Kwa majengo mawili yaliyounganishwa kwa waya mmoja, hilo linatosha. Lakini hospitali yenye matawi kumi, kila tawi likiwa na njia mbili za kutokea, haiwezi kumwamsha mtu saa 8 usiku kila laini inapokatika ili aandike upya njia zote. Ndiyo maana zikabuniwa itifaki za njia zinazobadilika, yaani kanuni za mazungumzo ambazo kwazo ruta huambizana zenyewe nani anaweza kufika wapi.

Iliyo rahisi kueleweka ni RIP, iliyoandikwa rasmi na Charles Hedrick mwezi Juni 1988. (Wahudumu wa hospitali wasiyatafsiri herufi hizo kama yanavyosomeka makaburini.) Kila sekunde 30, ruta humweleza jirani yake orodha ya mitandao inayoijua na idadi ya hatua za kuifikia. Jirani huongeza hatua moja na kuipeleka habari mbele. Hatua 15 ndizo mwisho. 16 maana yake hakuna njia. Jirani akinyamaza kwa sekunde 180, habari zake huhesabiwa kuwa zimekufa. Tuutafakari muda huo: dakika 3 kamili ambazo ruta inaendelea kumpa vifurushi jirani asiyekuwapo tena.

OSPF, ambayo maelezo yake yanayotumika sana yaliandikwa na John Moy mwaka 1998, haikubali habari za kusikia kwa jirani. Kila ruta huvitangaza viungo vyake yenyewe, tangazo hilo husambazwa kwa wote bila kubadilishwa, na kila mmoja huchora ramani nzima ya mtandao. Kisha hutafuta njia fupi kwa hesabu aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. Katika kiungo kinachounganisha ruta mbili tu, majirani husalimiana kila sekunde 10, na anayenyamaza kwa sekunde 40 huondolewa kwenye ramani.

Salamu hizo zinastahili kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa ndani yake mna hekima ambayo msemaji wa Kiswahili haoni tabu kuitambua. Ruta haimsalimu tu jirani. Ndani ya salamu hutaja majina ya wote iliokwisha kuwasikia upande huo. Ruta inayopokea hulitafuta jina lake. Ikilikuta, hujua kwamba sauti inakwenda na kurudi. Isipolikuta, hujua kwamba yenyewe inasikia lakini haisikiki, na urafiki hausogei hata hatua moja. Ni kama shikamoo iliyokosa marahaba. Mkubwa ameonekana, mdomo unatikisika, lakini mtu hana uhakika kama salamu yake imepokewa, na mazungumzo hayawezi kuanza.

Kiungo chenyewe

Kiungo cha siriali ni njia inayopitisha biti moja nyuma ya nyingine, kama msafara wa siafu, kutoka ruta moja hadi nyingine. Kinaweza kuwa waya wa shaba uliokodishwa kutoka kampuni ya simu, au redio ya minara miwili inayotazamana, au modemu ya setilaiti iliyoungwa nyuma ya ruta kwa kebo fupi na nene. Laini nyembamba hupitisha kilobiti 64 kwa sekunde; laini iitwayo E1 hupitisha megabiti 2.048. Tangu nyaya kubwa za chini ya bahari zilipoanza kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na faiba kuenea bara, viungo vingi vya namna hiyo vimestaafishwa. Hata hivyo faiba nayo huunganisha ruta mbili, na itifaki zinazopita juu yake ni zile zile, kwa hiyo utaratibu wa kutafuta hitilafu tunaoueleza hapa haujazeeka pamoja na waya wa shaba.

Fundi mzuri huanzia chini. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa anayepigiwa simu na mganga mkuu aliyekasirika hushawishika kurukia pale alipowahi kuikuta hitilafu mara ya mwisho, kama vile tabibu aliyechoka anavyomwandikia kila mwenye homa dawa ya malaria kabla ya kumpima.

Swali la kwanza ni kama umeme wa ishara unafika. Ruta humpa fundi habari mbili kuhusu kila mlango wa siriali: kama ishara ipo, na kama mazungumzo juu ya ishara hiyo yanaeleweka. Habari zote mbili zikiwa mbaya, hakuna haja ya kuzungumzia itifaki za njia. Kebo imechomoka, modemu imezimika, kampuni ya simu imekata laini, au panya amekula. Wakati mwingine ruta husema waziwazi kwamba mlango umefungwa kwa amri, maana yake kuna mtu aliyeufunga kwa makusudi na kusahau kuufungua. Hilo hutibiwa kwa neno moja la kuandika, baada ya saa nyingi za kutafuta kwingine.

La kusumbua zaidi ni ishara kuwapo na mazungumzo kutoeleweka. Hapa visababishi vyake hujirudia sana. Mawasiliano ya siriali huhitaji mapigo ya saa yanayozifanya pande mbili zisome biti kwa wakati mmoja, na ni upande mmoja tu wenye wajibu wa kuyatoa; kwa kawaida hutolewa na modemu. Yasipotolewa, biti hufika lakini hazisomeki. Kisababishi cha pili ni bahasha. Kila kifurushi hufungwa katika bahasha kabla ya kutumwa, na pande zote mbili lazima zitumie mtindo mmoja wa kufunga. Ruta za Cisco, zisipoambiwa lolote, hutumia bahasha ya HDLC kwa mtindo wao wenyewe, ambao ruta za kampuni nyingine huenda zisiuelewe. PPP ndiyo bahasha ya wote. Kwa hiyo ruta ya tawi ikiungua kwa radi, ikabadilishwa haraka kwa ruta ya kampuni nyingine, waya utakuwa mzima, umeme utapita, na pande mbili hazitaelewana neno.

Kuna kisa kimoja cha kuchekesha ambacho hutokea baada ya mafundi wa kampuni ya simu kupima laini. Ili kupima, huigeuza laini irudishe kila inachopokea, kama mwangwi wa bonde. Wakiondoka bila kuirejesha, ruta husikia ishara njema na maneno safi kabisa, ila maneno hayo ni yake yenyewe. Wabunifu wa PPP waliliona hilo mapema: kila upande huchagua namba ya bahati nasibu na kuitaja mwanzoni mwa mazungumzo, na anayesikia namba yake mwenyewe ikirudi hushuku kwamba anaongea na kioo.

Waya ukiwa mzima, bahasha zikifanana, fundi hutuma ujumbe mdogo kwa ruta ya upande wa pili na kusubiri jibu. Jibu likirudi, sasa, na ni sasa tu, ndipo inafaa kuiuliza itifaki ya njia ina nini.

Urafiki usiokamilika

Majirani wa OSPF ni wakali kuhusu masharti. Mmoja akisalimu kila sekunde 10 na mwingine kila sekunde 30, hawawi majirani. Mmoja akiandikiwa kwamba kiungo kiko katika eneo namba 0 na mwingine namba 1, hawawi majirani. Nywila isiyolingana, vivyo hivyo. EIGRP, itifaki iliyobuniwa na Cisco, nayo hudai namba ya mamlaka na vigezo vya hesabu vifanane pande zote. Katika hali zote hizo waya ni mzima na ujumbe wa majaribio hujibiwa, jambo linalomfanya fundi mchanga aape kwamba mtandao hauna tatizo. Ukuta wa usalama ulioruhusu ujumbe wa majaribio na kuzizuia salamu za OSPF hutoa dalili hiyo hiyo.

Hali iliyo ngumu kuliko zote ni ile ambayo majirani husalimiana vizuri kisha hukwama wanapoanza kubadilishana ramani. Mara nyingi chanzo chake ni kutolingana kwa ukubwa wa juu wa kifurushi. Salamu ni fupi, hupita. Ramani ni ndefu; upande mmoja unatangaza kifurushi kikubwa kuliko mwingine unavyoweza kupokea, nao huikataa. Fundi anayetazama huona majirani walioshikana mikono mlangoni kwa saa nzima bila yeyote kuingia ndani.

Jambo la namna hiyo laweza kuipata pia data yenyewe ya wagonjwa, na hapa ndipo mhudumu wa wodini anapokuwa na habari ambayo fundi hana. Ikiwa mtambo fulani njiani huvitupa kimyakimya vifurushi vikubwa na kupitisha vidogo, kiwango cha hemoglobini kitafika, kwa kuwa ni tarakimu chache, na picha ya eksirei haitafika kamwe. Muuguzi akiripoti kwamba "majibu ya damu yanafunguka, picha hazifunguki, tangu saa 3 asubuhi", ameifanya nusu ya kazi ya fundi. Akiripoti kwamba mtandao umekufa, fundi atatuma ujumbe wake mdogo wa majaribio, utajibiwa, na atampigia simu kumwambia kwamba yuko salama.

Kuna uongo mwingine ambao si wa mtu. Mlango wa siriali haujui laini iliyochomekwa ina kasi gani, huamini ilichoandikiwa. Usipoandikiwa chochote, ruta nyingi za Cisco hudhani kasi ni kilobiti 1,544 kwa sekunde, kasi ya laini za Marekani. OSPF kwa kawaida huhesabu gharama ya njia kwa kugawa milioni 100 kwa kasi ya kiungo. Chukua tawi lenye njia mbili za kwenda makao makuu: laini kongwe ya kilobiti 64 inayokwenda moja kwa moja, na njia ya kuzunguka kupitia laini mbili za E1 zilizoandikwa kasi yake halisi. Kila E1 ina gharama ya 48, jumla 96. Laini kongwe, kama ingeandikwa ukweli, ingekuwa na gharama ya 1,562 na isingeguswa ila siku ya dhiki. Lakini imeachwa na dhana ya 1,544, kwa hiyo gharama yake ni 64. OSPF huilinganisha 64 na 96, na kupeleka kila kitu kwenye uzi mwembamba. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na hapa ruta imeipendelea kwa sababu hiyo hasa.

Picha ya kifua yenye ukubwa wa megabaiti 10 huhitaji takriban sekunde 40 kupita katika E1 iliyo tupu. Katika laini ya kilobiti 64 huhitaji takriban dakika 21, na katika muda huo majibu yote ya maabara hupanga foleni nyuma yake. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Ruta zitasema zote ni nzima, majirani ni marafiki, ramani imekamilika. Kwa maoni yetu mtandao unaofanya kazi nusu ni hatari kuliko uliokatika kabisa, kwa kuwa uliokatika humlazimu mtu kuchukua kalamu na simu, na unaokwenda nusu humfanya aendelee kusubiri.

Ugonjwa wa tarehe 27 Oktoba 1980

Msomaji anaweza kudhani kwamba itifaki iliyopewa masharti sahihi haina la kuumiza. Historia ya mtandao wenyewe inasema vingine. ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti ya leo, uliunganisha mitambo iliyoitwa IMP, mababu wa ruta zetu, kwa laini za simu zilizokodishwa zenye kasi ya kilobiti 50 kwa sekunde. Tarehe 27 Oktoba 1980 mtandao wote ukawa hautumiki kwa saa kadhaa. Hakuna laini iliyokatwa. Eric Rosen wa kampuni ya BBN aliuandika uchunguzi wake mwaka uliofuata, na maandishi hayo yanasomeka kama ripoti ya mlipuko wa ugonjwa.

Kila IMP ilitangaza hali ya viungo vyake, na kila tangazo lilipewa namba ili jipya litambulike na la zamani litupwe. Namba zilikuwa 64 tu, 0 hadi 63, kisha zilirudi mwanzo kama namba za saa. Siku hiyo mtambo mmoja ulikuwa na kumbukumbu mbovu iliyodondosha biti. Tangazo la jirani yake lenye namba 44 likazaa nakala yenye namba 40, na nyingine yenye namba 8. Sasa kulikuwa na matangazo matatu ya mtambo mmoja, na kwa kanuni ya mzunguko kila moja lilikuwa jipya kuliko jingine: 40 ni baada ya 8, 44 ni baada ya 40, na 8, kwa kuzunguka, ni baada ya 44. Mwenye kutilia shaka atazame uso wa saa ya ukutani: 4 hufuata 12, 8 hufuata 4, na 12 hufuata 8, bila mwisho.

Kila IMP ikawa inapokea tangazo "jipya", inatupa la zamani, inawapelekea majirani, kisha inapokea jingine "jipya" zaidi. Kazi hiyo ilipewa kipaumbele kuliko kazi nyingine zote, hivyo mitambo haikubakiwa na nafasi ya kupitisha data. Kuuzima mtambo mmoja na kuuwasha hakukusaidia kitu: ukiamka, majirani waliuambukiza upya mara moja. Tiba ilikuwa kuipa mitambo maelekezo maalumu ya kuyapuuza matangazo yote ya mtambo ule mmoja hadi yale matatu yatoweke, na kuyafikisha maelekezo hayo kwa mitambo iliyoelemewa ilikuwa kazi yenyewe.

OSPF ilirithi kovu la siku hiyo. Namba zake za matangazo hazizunguki ovyo. Zinapanda katika mstari mrefu wenye mabilioni ya nafasi. Kila tangazo lina umri, nalo hufa likifikisha sekunde 3,600 bila kuhuishwa. Na kila dakika 5 za umri huo, ruta hulikagua upya tangazo lililomo katika kumbukumbu yake kuona kama kuna biti iliyodondoka, kwa kuwa mwaka 1980 uozo ulitokea ndani ya mtambo, si njiani.

Hospitali iliyorudi kwenye karatasi

Miaka 22 baadaye, tarehe 13 Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ulianza kuzorota mchana, ukainuka, ukaanguka tena, na ikawa hivyo kwa siku kadhaa. Mkuu wa teknolojia ya habari, John Halamka, alikisimulia kisa hicho hadharani ili hospitali nyingine zijifunze, uungwana ambao si wa kawaida katika fani hii. Chanzo hakikuwa ruta bali ndugu zake wadogo, swichi za ndani ya majengo, ambazo nazo zina itifaki ya kuzuia data isizunguke. Itifaki hiyo ilikusudiwa mtandao usiozidi hatua 7. Hospitali ilikuwa imekua, ikaungana na nyingine, ikaunganisha jengo kwa jengo kidogokidogo, na hakuna aliyehesabu hatua hadi zilipozidi. Data ikaanza kuzunguka na kujizidisha.

Hospitali ilirudi kwenye karatasi. Maagizo ya dawa na ya vipimo yaliandikwa kwa mkono, na watu waligeuzwa matarishi wa kubeba majibu kutoka maabara hadi wodini. Idara ya dharura ilielekeza magari ya wagonjwa kwingine kwa saa kadhaa. Tiba ya kudumu ilikuwa kuujenga upya mtandao ili ruta ziugawe katika sehemu, kila sehemu iweze kuugua bila kuziambukiza nyingine.

Tunalotaka lionekane katika kisa hiki ni vitabu vya karatasi. Hospitali iliweza kuendelea kutibu kwa kuwa karatasi zilikuwapo na kulikuwa na watu waliokumbuka namna ya kuzitumia. Tunashangazwa na wanaodhani kwamba kununua kompyuta ni sababu ya kuyachoma madaftari.

Yaliyo mikononi mwa aliye wodini

Fundi atauliza maswali, na majibu yake yako kwa muuguzi. Ni wodi yote au ni kompyuta moja? Ni majengo yote au ni lile la ng'ambo? Yanashindikana yote, au yale mazito tu? Hukatika na kurudi, na kama ndivyo, kwa kipindi gani? Anayesema "hurudi baada ya dakika 3 hivi" huenda, bila kujua, ametaja muda wa RIP wa kumzika jirani. Saa ya kuanza ni muhimu kuliko yote, kwa sababu ruta huweka kumbukumbu ya matukio yake kwa saa, na fundi atautafuta mstari wa dakika hiyo.

Ombi la kipimo lisitumwe mara tano kwa kuwa kioo hakijibu. Inawezekana kabisa kwamba ombi limefika na ni jibu lililokosa njia ya kurudi. Maabara itatoboa mkono wa mtoto mara mbili, au itaandaa damu ya kuongezewa mara mbili kutoka katika akiba ambayo haitoshi hata mara moja. Lipigwe simu. Na jibu linalotolewa kwa simu liandikwe, lisomwe tena kwa aliyelitoa pamoja na jina kamili la mgonjwa na namba yake, na aliyelitoa athibitishe kabla simu haijakatwa.

Mgonjwa anayeambiwa kwamba mtandao uko chini ana haki ya kuuliza swali la pili: je, kipimo changu hakijafanyika, au kimefanyika na jibu halijafika? Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake inaweza kuwa ni kurudi nyumbani au kukaa benchini nusu saa zaidi. Aliye na kadi au daftari la kliniki alibebe hata pale anapoambiwa kwamba taarifa zake zote zimo kwenye kompyuta.

Kiungo kikirudi, hatari haijaisha. Mifumo mingi ya maabara huyapanga majibu katika foleni wakati njia imekatika, na kuyamwaga yote kwa pamoja njia inapofunguka. Wodi iliyokaa kimya tangu asubuhi hupokea majibu 50 katika dakika moja. Kati yake, potasiamu ya mgonjwa wa figo inaweza kuonekana ndiyo habari mpya kabisa, imeingia saa 10 jioni, ilhali damu ilichukuliwa saa 3 asubuhi na mgonjwa amekwisha kupewa tiba kwa jibu la simu. Saa ya kusoma ni ile ya kuchukuliwa kwa sampuli.